Bi. Sobczak na Kabrasha la Historia 115

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya utumishi, Bi. Genevieve Sobczak, karani wa Meza ya Vitabu vya Lazima katika maktaba ya Chuo cha Tillbrook, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi na moja kamili jioni. Saa nimeitaja kwa sababu yeye mwenyewe angeitaja.

Mkutubi mkuu aliponiambia niandike wasifu huu kwa jarida la wafanyakazi, nilidhani amekosea mtu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nafanya kazi mezani hapo saa kumi kwa wiki, na wanaonifahamu wanajua kwamba siku nikitoa sentensi tatu mfululizo ni siku kubwa. Kumbe Bi. Sobczak ndiye aliyenitaja. Alisema hataki kuandikiwa na mtu wa maneno mengi, asije akamjaza sifa. Basi nitajitahidi. Nimesoma kwa lugha mbili tangu chekechea, Kihispania asubuhi na Kiingereza mchana, pale Holyoke, na katika zote mbili sijapata bado namna nyepesi ya kumuaga mtu.

Alizaliwa maili nne kutoka hapa, kwenye shamba la viazi na vitunguu la wazazi wake, na aliingia Tillbrook kama mwanafunzi mwaka 1978. Masika ya 1982, akiwa muhula wa mwisho, trekta lilimvunja baba yake nyonga, na mashamba hayakuwa na mtu wa kuyapanda. Genevieve akarudi nyumbani. Kozi tatu walimu walimruhusu azimalizie huko huko. Ya nne, Historia 115, Amerika ya Mwanzo, ilitaka mtu awepo darasani. Hakuwepo. Wenzake wakavaa majoho, yeye akavaa mabuti.

Aliporudi chuoni Septemba 1991, alirudi upande wa pili wa meza. Kazi aliyopewa ilikuwa kutunza vitabu na makabrasha ambayo kila profesa huyaacha maktaba ili darasa zima lisome. Saa mbili kwa kila msomaji, na hakuna kutoka nje ya chumba. Kabrasha lililochakaa kuliko yote, lile linaloombwa kila siku ya muhula, ni la kozi ile ile aliyoiacha njiani.

Sheria ya saa mbili aliisimamia bila kupepesa macho. Mkuu mmoja wa chuo, ambaye sitamtaja, aliwahi kuomba nusu saa ya ziada, akaambiwa kwa upole kwamba nyuma yake wamepanga foleni watu watano na wote wana mtihani kesho. Mchezaji mmoja wa magongo ya barafuni aliondoka na kitabu ndani ya begi lake la vifaa. Bi. Sobczak alivaa koti, akaenda hadi uwanjani, akaketi kwenye benchi la wachezaji katikati ya mazoezi, mkoba magotini, akitazama saa. Kocha alidhani ni mama wa mtu. Kitabu kilirudi mezani zikiwa zimesalia dakika nne. Mchezaji huyo leo ni hakimu huko Vermont na kila Krismasi humletea kadi.

Lakini si ukali wake tutakaoukumbuka. Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa karani mwingine yeyote: hakukabidhi andiko bila neno moja la maelekezo, kama mfamasia. Mahubiri ya Wapuritani, wale Wakristo wakali wa zamani, alikupa akisema uyasome asubuhi, kisha utembee kidogo. Mikataba na Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi hii, uisome mara mbili, na mara ya pili uangalie ni nani ambaye hakutia sahihi. Nilipokwenda kuazima orodha ya shehena ya meli ya watumwa, wiki yangu ya tatu hapa chuoni, alinitazama juu ya miwani na kusema, "Hii usiisome peke yako, mwanangu. Kaa pale dirishani, mimi nipo." Nikakaa. Alikuwepo.

Mfanyakazi wa chuo ana haki ya kusoma kozi moja kila muhula bila ada, na haki hiyo inakoma siku kazi inapokoma. Kwa miaka thelathini na mitatu watu walimuuliza mbona haimalizii ile moja. Alijibu kwamba ratiba inagongana. Januari hii, ukiwa umebaki muhula mmoja tu, mkutubi mkuu akatangaza kwamba Jumanne na Alhamisi asubuhi atakaa mezani yeye mwenyewe, na kisingizio kikafa. Ndipo Bi. Sobczak aliponiambia ukweli wakati tunapanga kadi. Haikuwa ratiba. Alikuwa akiogopa kwamba ameyashika maandiko yale maelfu ya mara, na akiketi kitini kama wengine atagundua kuwa hayajui.

Siku ya kwanza aliingia darasani na daftari jipya na penseli tatu zilizochongwa. Vijana wa nyuma hawakumwacha. Mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba leo mwenye mali kaja kukagua mali yake. Mwingine akauliza kama na sisi tutaondolewa baada ya saa mbili. Bi. Sobczak, bila kugeuka, akamwambia huyo wa pili kwamba angelijua kabrasha linafananaje, asingekuwa na muda wa utani, maana tangu Septemba hajaonekana mezani. Darasa lilicheka wiki nzima. Hata Dk. Roswell Teague, ambaye amefundisha kozi hiyo tangu 1994 na hacheki kwa urahisi, alilazimika kuugeukia ubao.

Nami nilikuwa nimejiandikisha kozi hiyo hiyo. Kwa hiyo yanayofuata niliyaona kwa macho yangu, na sehemu yake moja inanihusu kwa namna ambayo si ya kujivunia.

Wote waliopita Tillbrook wanalijua Somo la Mindwell. Ndiyo fahari ya Dk. Teague. Kila mwaka, Alhamisi ya wiki ya tisa, hata wasiosoma historia huja kusimama ukutani ili wamsikilize. Linahusu karatasi mbili za kabrasha letu. Ya kwanza ni ombi la mjane mmoja wa bonde hili, Mindwell Ashcombe, ambaye wasimamizi wa maskini walimnyang'anya watoto wake wawili wakawagawa kwa familia nyingine wakafanye kazi. Anaiomba mahakama imrudishie. Ombi lina tarehe ya Februari 1741. Ya pili ni uamuzi wa mahakama, mistari minne, Juni 1741: amekataliwa. Dk. Teague huzisoma zote mbili polepole, kisha hufunga kabrasha na kusema kwamba mwanamke huyu alipaza sauti mara moja, akajibiwa, na hatumsikii tena. Watu hutoka wakipangusa macho. Kaka yangu alilisikia miaka sita iliyopita, akalisimulia mezani kwetu, mama yangu akaacha kula.

Wiki ya nane tulipewa kusoma shajara ya mchungaji wa kijiji. Jumanne iliyofuata, mchana, nilimkuta Bi. Sobczak mezani ameifungua, anahesabu kwa vidole. Akaniita. Akanionyesha kwamba mchungaji anaandika Desemba 1741, halafu theluji inaendelea kuanguka na anaandika Januari 1741, halafu Februari 1741, na 1742 haianzi mpaka mwishoni mwa Machi. Nikasema huenda mzee alichanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Wakati ule, kwa watu wa makoloni haya, mwaka mpya ulianza tarehe ishirini na tano ya Machi. Jambo hilo tunafundishwa wiki ya kwanza, tunaliandika kwenye daftari, tunalisahau.

Aliweka kidole juu ya Februari ya mchungaji. Kisha akasema Februari ya 1741 haikuja kabla ya Juni ya 1741. Ilikuja baada yake, miezi minane baadaye.

Mimi ni mzito, nikahitaji kuelezwa tena. Kama Februari ni baada ya Juni, basi karatasi zetu zimekaa kinyume. Mindwell hakuomba akakataliwa. Alikataliwa kwanza. Ombi tulilo nalo ni la pili, la mtu ambaye tayari ameambiwa hapana na amerudi.

Tukashuka chini ghalani, kwenye sanduku la marehemu Profesa Dunmire, aliyelianzisha kabrasha. Karatasi zake zilikuwemo bado. Pembeni mwa kila moja aliandika namba kwa penseli. Uamuzi wa mahakama ulikuwa namba kumi na nne. Ombi, namba kumi na tano. Yeye alizipanga sawasawa.

Bi. Sobczak aliketi juu ya ngazi ya kupandia rafu. Akanisimulia kwamba Agosti 1993 Profesa Dunmire, akiwa mgonjwa, alimletea karatasi hizo zikiwa zimelegea ili azifunge upya. Yeye alipenda vitu vikae kwa mpangilio. Aliona Juni imetangulia Februari ya mwaka ule ule, akadhani mzee amepitiwa, akazipanga vizuri kwa tarehe. Alijivuna hata, akampigia simu kumwambia kwamba amemwekea mambo sawa. Profesa alimshukuru. Hakufundisha tena, na alifariki kabla majira ya baridi hayajaisha. Dk. Teague akalirithi kabrasha lilivyokuwa, na Somo la Mindwell likazaliwa kutoka katika kosa hilo.

Sasa naungama. Nilimwambia anyamaze.

Sikusema kwa ubaya. Nilihesabu haraka: somo kubwa ni keshokutwa, anayesahihisha insha yake ni Dk. Teague, na akianguka hakuna muhula mwingine, kazi inaisha Mei. Tena watu watasema karani aliharibu kozi miaka thelathini na moja. Nikamwambia, "Bi. Sobczak, subiri upate alama kwanza. Utamwambia baada ya mahafali."

Hakunikasirikia. Alifuta vumbi kwenye sanduku kwa kiganja. "Miaka thelathini na moja nimemfanya huyu mama aombe halafu anyamaze," akasema. "Na kumbe hakunyamaza. Aliyemnyamazisha ni mimi. Nimuongezee miezi mingine miwili kwa ajili ya cheti changu?"

Nikalirudisha sanduku rafuni.

Jumatano alipanda ofisini kwa Dk. Teague mara mbili. Mlango ulikuwa umefungwa, alikuwa na kikao Boston. Akambandikia karatasi mlangoni, na hatukujua kama aliiona. Alhamisi ukumbi ulijaa, ukutani watu wamesimama, vijana wa magongo ya barafuni wameketi sakafuni. Dk. Teague aliingia na maelezo yake ya somo, karatasi za manjano zilizochoka pembeni, akaanza. Alipofika pale anapofungua ombi, mkono wa Bi. Sobczak ukainuka. Nilikuwa nimekaa kando yake.

Hakuna anayeinua mkono katika Somo la Mindwell. Dk. Teague alimtazama juu ya karatasi. "Bi. Sobczak," akasema, "muda wangu wa mkopo umekwisha?"

Ukumbi ukacheka. Yeye akangoja kicheko kiishe, akasimama.

"Dokta, naomba radhi mbele ya wote. Karatasi hizo mbili zimekaa kinyume, na aliyezigeuza ni mimi."

Akaeleza. Hakueleza kwa ufasaha, alirudi nyuma mara mbili, alitaja shajara ya mchungaji, alitaja namba za penseli, alitaja simu aliyompigia marehemu. Dk. Teague alifungua kabrasha kwenye shajara, akasoma, akageuza, akasoma tena. Uso ulimwiva. Anajua kalenda ile kuliko mtu yeyote katika bonde hili, ameifundisha mwaka baada ya mwaka. Amewasahihisha wanafunzi mia kadhaa kwa kuisahau. Nilimwona akitafuta mahali pa kusimama kama mtu aliyekanyaga barafu ikalia.

Mmoja wa vijana wa sakafuni, yule yule wa utani wa siku ya kwanza, akamnong'oneza mwenzake kwamba bibi kamchapa profesa. Dk. Teague alimsikia. Akasema ni kweli, kachapwa, na mwenye shaka aje kuangalia ukurasa wa tisini na moja. Halafu akazikunja zile karatasi zake za manjano mara mbili, akazitia mfukoni, akaketi kwenye kiti cha wanafunzi mstari wa mbele.

"Tusome upya," akasema. "Uamuzi kwanza. Kisha ombi. Njoo usome wewe, Bi. Sobczak."

Akaja mbele. Akasoma mistari minne ya mahakama kwa ile sauti yake ya mezani, sauti ya kukwambia kitabu kimeazimwa. Kisha akasoma ombi, na ombi lile nililidhani nalijua kwa moyo, nilikuwa silijui. Kuna sentensi ambayo Mindwell anasema anakuja mbele ya waheshimiwa "kwa mara nyingine, bila haya". Miaka yote tuliisoma kama adabu ya maandishi ya zamani. Kuna majina kumi na tisa ya majirani chini yake. Miaka yote tuliwaona kama watu walioshindwa pamoja naye. Sasa tuliwaona wakipitiwa nyumba kwa nyumba katikati ya theluji na mwanamke ambaye amekwisha kukataliwa, na wanatia sahihi. Bi. Sobczak alisoma majina yote kumi na tisa. Alipomaliza, wale wa ukutani ndio walioanza kupiga makofi. Wengine walisema baadaye kwamba walimpigia yeye, wengine kwamba walimpigia Mindwell. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma, na bado niliona haya.

Kama watoto walirudi hatujui. Jibu la mahakama kwa ombi la pili halijapatikana. Insha ya Bi. Sobczak, kurasa kumi na mbili, ilihusu jambo hilo hilo: alikotafuta, alipokosa, na alipokosea mwenyewe. Ukurasa wa pili wote ni wa kosa lake. Alipata alama ya juu kabisa. Chini yake Dk. Teague aliandika kwamba hiyo si zawadi ya kustaafu, na kwamba asiyeamini aisome.

Kisha wawili hao wakafanya jambo ambalo sidhani kama limewahi kufanywa hapa. Wakaandika barua ya ukurasa mmoja kwa wote waliosoma Historia 115 tangu mwaka 1994, zaidi ya watu mia tisa, wakiwaomba radhi na kuwaeleza mpangilio sahihi. Wametia sahihi wote wawili, jina la karani juu, la profesa chini, kwa matakwa ya profesa. Nilizikunja barua nyingi kwa mikono yangu. Majibu yalianza kuingia baada ya siku nne na hayajaisha. Hakimu wa Vermont aliandika kwamba amewahi kulitumia Somo la Mindwell akitoa hukumu, na kwamba sasa itabidi akae chini afikiri. Mwalimu mmoja wa Ohio alituma picha ya ubao wake: Juni, mshale, Februari. Muuguzi mmoja wa hapa hapa bondeni aliandika mstari mmoja tu, kwamba ameshukuru kujua, ingawa amechelewa.

Jumamosi, tarehe 17 Mei, Genevieve Sobczak, mwenye umri wa miaka sitini na mitano, alipanda jukwaani kwenye uwanja wa nyuma ya maktaba na kupokea shahada yake. Mzee Casimir, mumewe, alikuja na suti ya harusi yao na akasema imembana kwa furaha. Wajukuu walipiga kelele zisizoruhusiwa maktaba. Dk. Teague alimpa mkono, na waliokuwa karibu walisikia akimuuliza kama atakubali kuja kila wiki ya tisa, Alhamisi, kulisoma ombi, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi tena kulisoma kwa namna ile ya zamani na ya mpya hajaizoea. Alikubali, kwa sharti kwamba apewe pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya viazi, yaliyopikwa na mtu mwingine kwa mara moja maishani mwake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa maktaba, walimu, na kila aliyewahi kuinuliwa kitini saa mbili zilipotimia, tunakushukuru, Bi. Sobczak, kwa kazi uliyoifanya vizuri, na zaidi kwa ile uliyoikosea ukasimama mbele ya watu kuirekebisha. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na haraka, na vitabu usivyolazimishwa na mtu.

Na kwa niaba yangu mwenyewe: nilikuomba unyamaze, hukunisikia. Ahsante kwa kutonisikia. Uishi vyema.

Nereida Cotto
Mwanafunzi, Meza ya Vitabu vya Lazima